Havana: Mji wa Magari ya Kale Yenye Mioyo Mipya

Alfajiri mjini Havana, kabla jua halijapanda juu ya ukuta wa bahari uitwao Malecón, barabarani husikika ngurumo asiyoitarajia mgeni. Macho yake huona Chevrolet, Ford, Buick, Dodge na Plymouth za miaka ya 1950, zenye pua pana, nikeli inayong'aa na mabawa ya nyuma yaliyochongoka kama ya papa. Lakini masikio yake husikia lori. Gari lililoundwa Marekani kwa kutumia petroli, sasa languruma kwa dizeli, kwa sauti ya injini iliyotengenezwa Asia au Ulaya miaka mingi baada ya gari lenyewe kutoka kiwandani. Macho yasema hivi na masikio yasema vile, na yote mawili yasema kweli.

Havana ni mji mkuu wa Kuba, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Bahari ya Karibi. Mji ulisimikwa mahali ulipo sasa mwaka 1519, na wakazi wake ni kiasi cha milioni 2. Sehemu yake ya zamani, yenye vichochoro vyembamba na nyumba za roshani, iliingizwa mwaka 1982 katika orodha ya urithi wa dunia. Barabara ya Malecón hufuata pwani kwa kiasi cha kilometa 8. Bahari inapochafuka, mawimbi huruka juu ya ukuta na kuyamwagia magari maji ya chumvi. Chumvi hiyo ni adui wa kila siku, kwani hula bati la mlango, sakafu ya gari na hata mihimili ya chesisi. Hata hivyo yakisiwa kwamba magari ya Kimarekani kama 60,000, yaliyoingia nchini kabla ya mwaka 1960, yameendelea kuhesabiwa katika kisiwa hicho. Kwingineko gari la umri huo huwekwa katika jumba la makumbusho, na Havana hubeba watu kwenda kazini.

VIPURI VILIPOKATIKA

Kabla ya mwaka 1959 Kuba ilikuwa soko zuri la viwanda vya magari vya Marekani. Nchi hizo mbili zi karibu sana: kutoka pwani ya kaskazini ya Kuba hadi Key West, kwenye ncha ya jimbo la Florida, ni mwendo wa kiasi cha kilometa 150 za bahari. Magari mapya yalipandishwa melini na kufika Havana upesi, na vipuri vyake vilijaa madukani.

Mwezi Januari 1959 serikali ya zamani ilipinduliwa. Uhusiano na Marekani ukaharibika, na mnamo Oktoba 1960 Marekani ikapiga marufuku sehemu kubwa ya bidhaa zake kupelekwa Kuba. Februari 1962 Rais John Kennedy akatangaza vikwazo kwa biashara yote. Tangu hapo kila Chevrolet iliyokuwamo kisiwani ikawa yatima. Ringi ya pistoni ikichakaa, hapakuwa na duka la kuuza nyingine. Gasketi ikiungua, ilikuwa lazima fundi akate nyingine kwa mkono.

Muungano wa Kisovieti ulileta magari yake: Moskvich, Volga, na baadaye Lada. Mengi ya hayo yaligawiwa watumishi waliosifika kwa kazi. Hayakuwa na madaha ya yale ya zamani, lakini yalikuja na vipuri, na mafundi wa Havana hawakuchelewa kuona faida yake. Injini ya Volga, yenye silinda 4 na ujazo wa takriban lita 2.4, ikaanza kuonekana chini ya boneti za magari yaliyozaliwa na silinda 6 au 8. Hivyo ndivyo desturi ya kupandikiza injini ilivyokomaa. Haikuanza kwa mapenzi ya mchezo wa magari, bali kwa sababu gari lisilokuwa na injini ni banda la kuku.

Mwaka 1991 Muungano wa Kisovieti ukavunjika, na mkono uliokuwa ukiilisha Kuba mafuta ukaondoka. Wakuba wakaingia katika miaka ya dhiki waliyoiita Kipindi Maalumu. Mabasi yakasimama vituoni, na nchi ikaagiza kutoka China baiskeli zaidi ya milioni 1 ili watu wapate kufika kazini. Ndipo thamani ya gari la kale ilipodhihirika. Mwaka 1993 serikali ilipanua ruhusa ya raia kujiajiri, na katika miaka iliyofuata wenye magari wakapewa leseni za kubeba abiria. Gari lililokuwa kumbukumbu ya babu likawa shamba la familia.

JINSI MOYO UNAVYOBADILISHWA

Msomaji aliyewahi kuona injini ikishushwa gereji atadhani kazi ni kuitoa mbovu na kuingiza nzima. Laiti ingekuwa hivyo. Na utazamwe mfano wa Chevrolet ya mwaka 1953, gari linaloonekana sana katika mitaa ya Havana.

Gari hilo lilitoka kiwandani na injini ya petroli ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, yenye ujazo wa karibu lita 3.9. Ni injini ngumu, ya chuma cha kusubu, nayo hustahimili taabu. Ila ni mlafi wa petroli. Na baada ya nusu karne ya kukerezwa na kukerezwa tena, kuta za silinda huwa nyembamba mno kukerezwa mara nyingine. Hapo mwenye gari hukabiliwa na uamuzi. Akiilinda injini ya asili, gari litabaki na heshima yake lakini litalala uani. Akiweka injini ya dizeli ya silinda 4, iliyotoka katika Toyota, Hyundai, Mercedes au mtambo wa Perkins, gari litafanya kazi, lakini halitakuwa tena lile lililotoka kiwandani.

Akichagua kazi, shughuli huanza. Mara nyingi haifanyiki katika karakana kubwa, bali uani mwa nyumba au kando ya njia. Mti wenye tawi nene au boriti ya chuma hufungwa mnyororo wa kuinulia, injini ya zamani hufunguliwa bolti baada ya bolti, nayo hutoka ikining'inia polepole huku watu wanne wakiishika isiyumbe. Boneti ya gari hilo ni ndefu, kwa hiyo injini fupi ya silinda 4 hupata nafasi ya kutosha kwa urefu. Shida huwa chini. Sampu, yaani karai la oili lililo chini ya injini, huweza kugonga mhimili wa mbele wa chesisi. Fundi hulikata karai hilo, akalichomelea umbo jipya, kisha akalijaza maji kuona kama lavuja. Vikalio vya injini vya zamani havilingani na vipya, basi hutengenezwa vingine vya bamba nene na mpira, vipate kumeza mtetemo wa dizeli, ambao ni mkali kuliko wa petroli. Kwa nini mkali? Injini ile ya kale huibana hewa na petroli kwa kiasi cha mara 7 tu kabla ya plagi kuiwasha. Dizeli huibana hewa mara 20 au zaidi, hata ikapata moto wa kuyawasha mafuta bila plagi. Kila mpasuko ni nyundo.

Baada ya injini huja giaboksi. Fundi mwenye busara huinunua injini pamoja na giaboksi yake, kwani kuunganisha giaboksi ya Chevrolet na injini ya kigeni hudai bamba la chuma lililokerezwa kwa vipimo halisi. Matundu yakipishana kidogo tu, beringi hufa mapema na klachi hukwaruza. Lakini mwenye kuleta giaboksi mpya hukutana na fumbo jingine. Katika Chevrolet za mpaka mwaka 1954, shafti inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma haikuwa wazi. Ilifichwa ndani ya bomba la chuma, na bomba hilo ndilo lililosukuma gari zima mbele. Giaboksi za kisasa hazina mahali pa kulipokea bomba hilo. Basi ekseli yote ya nyuma, pamoja na difu, huondolewa, ikaletwa ya gari jingine, na springi zikafungwa upya ziweze kubeba msukumo. Shafti mpya hukatwa kwa urefu unaotakiwa na kuchomelewa. Ikichomelewa ikiwa imepinda hata kwa unene wa ukucha, gari litatetemeka mwendo ukizidi, na abiria wa nyuma watakuwa wa kwanza kulalamika.

Umeme nao hauachwi. Gari la mwaka 1953 lilitumia betri ya volti 6, ilhali injini mpya yataka volti 12. Nyaya, taa na geji hubadilishwa, na stata yenye nguvu hufungwa. Radieta huzibuliwa, feni husogezwa, ekzosi hupindwa isikutane na usukani. Kisha huja siku ya kuwasha. Hewa hutolewa katika mabomba ya dizeli, ufunguo huzungushwa, injini hukohoa mara mbili tatu, moshi mweupe hujaza uani, kisha mlio hutulia. Watoto hupiga makofi. Fundi hapigi makofi. Yeye huinama na kutazama chini kama kuna tone.

DESTURI ZA ALMENDRÓN

Wakuba huliita gari la namna hiyo almendrón, yaani lozi kubwa, kwa sababu ya umbo lake la mviringo. Aliyezoea daladala za Dar es Salaam au matatu za Nairobi hataona ugeni katika kazi yake. Gari hufuata njia moja iliyojulikana na kuchukua yeyote anayekwenda upande huo. Kwa miaka mingi kituo chake mashuhuri kilikuwa bustani ya Fraternidad, karibu na jengo kubwa la Capitolio lililomalizika mwaka 1929. Kutoka hapo magari yaliondoka kwenda Vedado, Marianao na La Víbora. Abiria husimama ukingoni na kuonyesha kwa mkono upande anakotaka kwenda, na dereva hujua kama njia zao ni moja.

Ipo adabu ambayo kila abiria hufunzwa mapema: mlango haubamizwi. Bawaba zake zina umri wa bibi mzaa bibi, na kitasa chake hakina dukani. Anayebamiza mlango hupata karipio kali, na abiria wengine humuunga mkono dereva.

Hesabu za gari ndizo hesabu za nyumba. Mnamo mwaka 2011 mshahara wa wastani katika kazi za serikali ulikuwa takriban peso 450 kwa mwezi, na nauli ya almendrón kwa safari ya kawaida mjini ilikuwa peso 10. Gari la abiria 5 likijaa kwa safari 9, basi mapato yake kabla ya kutoa gharama yalifikia mshahara wa mwezi mzima. Gharama nazo hazikuwa ndogo: mafuta, leseni, kodi, matairi, na akiba ya siku ya kuharibikiwa. Hata hivyo si ajabu kwamba watu waliosomea uhandisi, na hata udaktari, walionekana wakishika usukani. Katika nyumba nyingi gari moja lililisha vizazi vitatu: babu aliyelirithi, baba aliyeliendesha, na mjukuu aliyesoma kwa nauli zake. Ndiyo maana kubadilisha injini halikuwa jambo la fundi na dereva peke yao. Fedha za injini zilikuwa ndizo fedha za viatu vya watoto na za paa linalovuja. Injini iliyonunuliwa ikiwa mbovu, jiko zima lilijua.

SHERIA NA BEI

Msomaji aweza kuuliza: kwa nini wasinunue gari jipya? Jibu limo katika sheria na katika bei. Kwa miaka mingi magari ambayo raia wa Kuba aliweza kuyauza na kuyanunua kwa hiari yake yalikuwa yale tu yaliyokuwamo nchini kabla ya mapinduzi. Gari la Kisovieti alilopewa mtu kwa sifa ya kazi halikuwa mali ya kuuzwa sokoni. Kwa hiyo gari la mwaka 1953 lilikuwa na kitu ambacho gari la mwaka 1983 halikuwa nacho: hati iliyomwezesha mwenyewe kulitoa, kuliuza au kulirithisha. Katazo hilo liliondolewa mwaka 2011. Mwezi Januari 2014 serikali ikaanza kuuza magari bila kudai kibali maalumu, na umati ukaenda kutazama bei. Peugeot 508 ilibandikwa kiasi cha dola 262,000. Watu walisoma, wakatikisa vichwa, wakarudi kwa mafundi wao.

Sheria haikuliacha zoezi la kubadilisha injini bila usimamizi. Injini ina namba yake, nayo sharti iandikishwe katika hati za gari. Asiyefanya hivyo hujitafutia matatizo mbele ya askari wa usalama barabarani. Jambo hilo halihitaji kuelezwa sana kwa wasomaji walio polisi. Namba ya injini ndiyo inayotenganisha injini iliyonunuliwa na iliyoibwa, na fundi mwaminifu huiuliza hati kabla ya kushika spana.

HATARI ILIYOFICHWA NA RANGI

Rangi mpya na nikeli iliyosuguliwa huweza kumdanganya mtu. Gari la mwaka 1953 lilikuwa na breki za ngoma katika magurudumu yote, nazo zilitegemea mfumo mmoja tu wa mafuta. Bomba moja likipasuka popote, breki zote hupotea. Dizeli mpya ikilipa gari hilo mwendo, na breki zikabaki za babu, basi kilichopatikana si faida bali ajali inayongoja siku yake. Wakati wa uhaba mkubwa wapo waliochanganya shampuu, pombe na mafuta mengine wapate kimiminiko cha breki. Hilo ni jambo la kusimuliwa, si la kuigwa, kwani mchanganyiko wa namna hiyo huchemka mapema na kuiozesha mipira. Mafundi makini wa Havana huanza na breki kabla ya injini: huweka diski za gari jipya zaidi mbele, hubadilisha mabomba, na hulijaribu gari mtaani bila abiria.

Moshi ni taabu nyingine. Dizeli iliyochakaa hutema moshi mweusi, na katika vichochoro vya Havana ya zamani moshi huo huingia moja kwa moja madirishani. Aidha, injini ya mkono wa pili haina ahadi. Huweza kununuliwa leo na kufa mwakani, na kazi yote ya kukata na kuchomelea ikaanza upya kwa injini ya aina nyingine. Yapo magari ambayo yamekwisha kubadilishwa injini mara tatu au nne, na katika chesisi zao huonekana makovu ya vikalio vya zamani, kimoja pembeni mwa kingine.

Yapo pia magari yaliyochukua njia nyingine. Mbele ya Capitolio husimama yale yaliyo wazi juu, yamepakwa rangi ya waridi, ya samawati au ya manjano, yakingoja watalii. Machache kati ya hayo yamehifadhi injini za asili. Mengi yamebadilishwa kama wenzao wa kazi, na mtalii hupiga picha ya boneti bila kujua kilichomo chini yake.

Mnamo tarehe 1 Machi 2024 bei ya petroli ya kawaida nchini Kuba ilipandishwa kutoka peso 25 hadi peso 132 kwa lita. Pikipiki za umeme na vyombo vya umeme vya magurudumu matatu vilikuwa vimekwisha kuongezeka barabarani, na wapo waliosema kwamba siku za almendrón zinakwisha. Maneno hayo yalisemwa vipuri vilipokatika mwaka 1960, na yakasemwa tena mafuta yalipokatika mwaka 1991. Kila mara lililoliokoa gari halikuwa bati lake wala jina la kiwanda chake. Liliokolewa na watu waliokuwa tayari kuondoa kilicho cha asili ili kilichobaki kiendelee kufanya kazi.

Wahenga walisema, usitupe mbachao kwa msala upitao. Mafundi wa Havana hawakuutupa mbacha wao, bali waliukalia, wakaushona kila ulipochanika, hata uzi ukawa mwingi kuliko ukindu. Jioni inapoingia, almendrón huegeshwa mbele ya nyumba. Dereva hufungua boneti kabla ya kufungua mlango wa nyumbani kwake, hupima oili, hutazama maji, na huweka kipande cha karatasi sakafuni chini ya injini. Asubuhi karatasi hiyo ikiwa kavu, watoto watakwenda shule na nauli ya kesho ipo.